Odile Ateremka Mto Isère

Lifti za viti za kupandisha watu mlimani zilisimamishwa Jumapili ya mwisho ya Aprili, na Jumatatu Odile Marmottan hakujua aipeleke wapi miguu yake. Kwa misimu ishirini na saba alikuwa mlinzi wa miteremko ya kuteleza kwenye theluji: akipanda kabla ya wageni, akiweka alama penye hatari, akiwashusha walioumia. Safari hii hangerudi Desemba. Magoti yalikuwa yamekwisha. Daktari alisema basi, naye Odile akasaini karatasi za kustaafu.

Wiki mbili alikaa nje ya nyumba na kahawa iliyopoa, akitazama weupe wa theluji ukipungua mlimani. Hakuilia kazi. Alichotamani ni ule upepo wa usoni, pale mteremko unapokuchukua na wewe huna la kusema.

Asubuhi moja alipitiwa na Gaëtan, mlinzi mwenzake, ambaye kiangazi huongoza watu mtoni.

"Bado uko matangani, dada? Twende Isère. Unalala kifudifudi juu ya bodi, unavaa mapezi miguuni, unaachia. Magoti hayabebi kitu."

"Nina miaka hamsini na tisa, Gaëtan."

"Mto umekuuliza?"

"Na nikizama?"

"Ile jibini unayoninyima nairithi mimi."

"Huna haya wewe!" akasema Odile, lakini alikuwa ameshainuka kutafuta taulo.

Nguo nene ya mpira ilimbana mpaka tumboni. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata pumzi. Kwenye mkondo wa kwanza wenye povu alipinduliwa, akayanywa, akamtukana Gaëtan mbele ya wageni wake. Kwenye wa pili mwili ukakumbuka wenyewe: usipigane, egemea, tazama unakotaka kwenda. Akaegemea. Bodi ikapita katikati ya mawe mawili, na ule upepo ukampiga usoni.

Alifika ukingoni akilia.

"Umeumia wapi?" Gaëtan aliuliza kwa hofu.

"Sijaumia." Alichota maji kwa kiganja. "Hii ndiyo theluji tuliyokuwa tukiikanyaga Machi."

Gaëtan hakutania. Aliketi kando yake mpaka Odile akatulia.

Odile alirudi kila Jumanne hadi maji yalipopungua Julai. Novemba, theluji ya kwanza ilipoanguka, alifunga pazia la upande wa mlimani, akaliacha hivyo siku tatu. Siku ya nne alimpigia Gaëtan simu kumuuliza mto huanza kujaa lini.