Nilijua Mama Yuko Bofa

Juzi, katika somo letu la kwanza la falsafa, mwalimu alisema mtu hawezi kudai anajua jambo mpaka awe analiamini, awe na sababu ya kuliamini, na jambo lenyewe liwe kweli. Wenzangu waliandika. Mimi nilikumbuka alasiri moja kule Tezo, nikiwa na miaka sita.

Hawe, ndivyo nilivyomwita bibi yangu, alikuwa akichoma korosho uani. Machozi yalimtiririka, nami nikadhani ni ule moshi mkali.

"Saa hizi mama anatandika vitanda hotelini Bofa," nilimwambia.

"Ee, mjukuu wangu," alijibu bila kuniangalia.

Nilikuwa na hakika. Asubuhi nilimwona mama akitoka na sare yake ya buluu, kama siku zote.

Gari la wafanyakazi liliposimama barabarani, nilikimbia kumpokea. Wanawake walishuka mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, jirani yetu Mama Kadzo. Alinishika bega.

"Mwanangu, mamako ameenda Uarabuni kufanya kazi. Hukuambiwa?"

Nilirudi uani polepole.

"Hawe, ulijua?"

"Nilijua. Angekuaga ungelia, naye asingeweza kuondoka."

Sikulia. Niliketi kando yake nikisikiliza maganda ya korosho yakipasuka, mpaka moto ukazimika.

Mama aliporudi, nilikuwa nimeshamfikia mabegani. Nilimwambia shikamoo, nikamvutia kiti, kama tulivyowafanyia wageni.