Mpangaji wa Mama Shazia

Kwa miaka ishirini na sita Mama Shazia ametengeneza vitu vya watu kukalia, na yeye mwenyewe hakai. Chai hunywa amesimama. Kwenye simu huzungumza akiizunguka meza ya kukatia. Mteja akimwambia, "Kaa basi, fundi, tuelewane," hujibu kwamba yeye akikaa, mgongo hulala, na mikono huufuata mgongo.

Jina lake si la mtoto. Shazia ni ile sindano ndefu, nene, ya kushonea magunia na magodoro. Yake imepinda kidogo ili iingie kwenye pembe za makochi bila kugonga mbao. Huichomeka kwenye kilemba, juu ya sikio la kushoto, na akigeuka ghafla watu hurudi nyuma hatua moja.

Karakana yake ni chumba kirefu kando ya barabara ya maduka ya vipuri. Nyuma ya pazia kuna chumba cha pili chenye kitanda, jiko na kabati, ndimo anamoishi tangu mumewe alipofariki na binti yake wa pekee, karani wa mahakama, alipohamia upande wa pili wa mji. Kila kitu humo ndani kina vumbi la sponji, hata sukari.

Mpangaji aliingia humo ndani ya kochi. Mtu mmoja alileta kochi lililokuwa limekaa barazani kwake miezi mingi. Mama Shazia alipolipindua na kuchana kitambaa cha chini, kitu cha mviringo kilidondoka kikabingirika hadi kwenye mguu wa meza. Alidhani ni burashi ya viatu, akainama kuiokota, na burashi ikapumua.

Alikuwa kalunguyeye. Si nungunungu, yule mkubwa mwenye miiba mirefu kama kalamu. Kalunguyeye ni mdogo, huenea kwenye viganja viwili, na akiogopa hujikunja akawa mpira wa miiba usio na kichwa wala miguu.

"Mtupe huko nje," alisema mwenye kochi. "Mimi nimeleta kochi, sikuleta mbuga."

"Atupwe wapi, na lori zinapita? Ameshapanga huyu."

Tangu siku hiyo akaitwa Mpangaji. Kodi yake alilipa kwa mende, na kabla ya mwezi kwisha hapakuwa na mende hata mmoja wa dawa. Fundi saa wa mlango wa pili alicheka mpaka akaangusha skrubu: "Wenzako wanafuga paka, mama, wewe unafuga sindano! Haya, sindano zimekutana, uzi uko wapi?" Mchana kutwa Mpangaji alilala ndani ya boksi la vitambaa chakavu, au ndani ya kochi ambalo bado halijafungwa. Jua likizama alitoka na kuanza kwenda ukuta hadi ukuta, vikucha vikigonga saruji, pua ikinusa kila mguu wa kila kiti, kama mtu aliyesahau alikoweka funguo. Mama Shazia hakuchoka kumtazama. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na mwenzake ambaye hakumwambia atulie.

Ni lazima nieleze hapa desturi moja ya kazi yake, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka humo. Kochi likishapata mikanda, springi, gunia na sponji, kazi ya mwisho ni kulifunga tumbo, yaani kupigilia kitambaa cheusi upande wa chini na kukishona kingoni. Kabla ya kufunga, Mama Shazia huingiza mkono ndani mpaka begani na kupapasa pembe zote nne. Alijifunza hivyo mwaka wake wa kwanza, alipousahau mkasi ndani ya kiti na mkasi ukamkumbusha mteja. Tangu wakati huo hapajarudishwa kiti hata kimoja, na maneno yake ya kujisifu ni haya: "Mshono wangu haufunguliwi."

Jumanne ile kazi tatu zilitakiwa kutoka kabla ya saa sita mchana, na mwenye mkokoteni alikuwa mlangoni akipiga miluzi. Hapo hapo binti yake akapiga simu.

"Mama, hamia kwangu. Chumba kipo, kitanda kipo. Ila huyo mdudu wako, hapana."

"Si mdudu."

"Ana miiba na anakula mende. Tumwite mheshimiwa?"

Mama Shazia alibishana huku simu ameibana kati ya sikio na bega, mkono mmoja umevuta kitambaa cheusi, mwingine umeshika stepla. Alifunga matumbo matatu, moja baada ya jingine. Mkokoteni ukaondoka.

Jioni ile Mpangaji hakutoka. Mama Shazia alidhani ameshiba. Asubuhi ya Jumatano alikuta sahani ya yai aliyomwekea ikiwa vilevile, yai limekauka na kupasuka kama udongo. Boksi lilikuwa tupu. Alihamisha marobota, akavuta kabati, akaangaza tochi chini ya kitanda. Kisha akasimama mbele ya meza ya kukatia, na mkono wake ukakumbuka kabla ya kichwa. Jana haukuingia ndani ya kiti chochote.

Alimpigia binti yake.

"Nimemshonea Mpangaji ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ningejua ningekupigia?"

"Wapigie wateja basi, wachungulie."

"Niwaambie nini? Kwamba nimewauzia kiti na nyama ndani yake?"

"Mama, mimi nafanya kazi mahakamani. Usiniletee kesi."

Alitia mfukoni kisu kidogo, uzi mweusi na stepla, akahakikisha shazia ipo kwenye kilemba, akatoka karibu akikimbia. Jua lilikuwa limeshapanda. Mnyama yule alikuwa na siku nzima bila maji, ndani ya giza la sponji, na juu yake huenda alikuwa amekaa mtu wa kilo tisini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

"Nimekuja kukagua," alisema Mama Shazia mlangoni. "Kuna sponji mbovu zimeingia sokoni."

"Jana hukuniambia."

"Nimesikia leo."

Walilipindua kochi. Alikata mshono wake mwenyewe, uzi baada ya uzi. Alipapasa pembe nne. Palikuwa na springi, gunia na hewa. Alirudishia kitambaa upesi, stepla ikaruka njia mara mbili.

"Fundi," alisema mwalimu, akimtazama juu ya miwani, "nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mbili. Mtu anayenidanganya namjua kwa anavyoshika kalamu. Wewe hiyo stepla huishiki vizuri."

"Haraka tu, mwalimu."

"Haya. Kwa heri ya haraka."

Alitembea upande wa jua bila kuhisi kwamba upande wa pili ulikuwa na kivuli. Kazi ya pili ilikuwa benchi la kungojea katika kliniki ya daktari wa meno, na alipofika wagonjwa wanne walikuwa wamelikalia, mmoja mnene kiasi cha kumfanya Mama Shazia afumbe macho.

"Simameni, tafadhali. Wote. Sasa hivi."

"Jino linaniuma, halafu nisimame?" alilalamika kijana aliyevimba shavu.

"Husimami kwa jino, mwanangu. Simama."

Walisimama, wakamtazama akilala sakafuni kifudifudi na kisu mkononi. Daktari alitoka na barakoa kidevuni, na Mama Shazia akarudia hadithi ya sponji mbovu. Aliingiza mkono mpaka begani. Pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika ya nne vidole viligusa kitu kigumu, akakipapasa. Ilikuwa fundo la mkanda.

"Kumbe hata benchi linang'olewa," alisema yule mnene, na wote wakacheka, hata wa shavu, kisha akajuta.

Mama Shazia hakucheka. Kilibaki kiti kimoja.

Kiti hicho kilikuwa kiti cha mkono cha mzee mmoja aliyetengeneza redio maisha yake yote, na nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, mwisho wa ngazi za mawe. Alizipanda mbili mbili. Mlango ulifunguliwa na mkwe wa mzee, mwanamke mwenye unga mikononi, ambaye alimvuta ndani kabla hajasema neno.

"Afadhali umekuja, fundi. Ingia umwone mwenyewe."

Mzee alikuwa amekaa sakafuni juu ya mkeka, kando ya kiti chake kipya, mgongo umenyooka. Mwanawe alisimama dirishani na simu mkononi.

"Tangu jana hataki kukikalia," alisema mwana kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema mbele ya mgonjwa. "Anasema kiti kinapumua. Hapa natafuta daktari wa mambo hayo. Fundi, mweleze mzee kwamba kiti ni kiti."

"Kinapumua," alisema mzee, bila kugeuka. "Na jana magharibi kilikuna."

"Unaona?" Mwana aliitingisha simu. "Au fanya hivi. Kichukue, ukabadilishe springi au chochote, umletee kingine. Labda atatulia."

Mama Shazia alisimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake ilitulia. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake. Angeita mkokoteni, angekipeleka kiti karakana, angekifungua nyuma ya pazia. Mpangaji angepona, na mshono wake usingefunguliwa mbele ya mtu. Ilibaki aseme tu, "Sawa, ni springi hizo."

Mzee aliinua uso. Hakuwa na macho ya mtu aliyepotewa na akili. Yalikuwa macho ya fundi anayemtazama fundi mwenzake.

"Sikiliza mwenyewe kwanza," alimwambia. "Halafu useme unachotaka."

Mama Shazia akapiga magoti, akalaza sikio kwenye kitambaa. Mwanzo alisikia damu yake mwenyewe. Kisha, mbali, chini ya sponji, akasikia: fff. Kimya. Fff.

Alinyanyua kichwa.

"Mzee yuko sawa," alisema. "Kuna mtu ndani."

"Mtu?" mkwe alipiga ukelele.

"Mpangaji wangu. Kalunguyeye. Nilikifunga kiti jana bila kupapasa, kwa kuwa nilikuwa nagombana na simu. Kosa ni langu, na uongo wa sponji ni wangu pia."

"Sponji gani?" aliuliza mwana.

"Hiyo nimeisema nyumba nyingine. Nisaidieni kupindua, taratibu. Taratibu, baba, si gunia hilo!"

Alikata mshono, safari hii bila kuchagua uzi. Mpangaji alikuwa amebanwa kati ya springi mbili na gunia, amejikunja, miiba imejaa nyuzi nyeupe za pamba. Alimtoa kwa kilemba chake, shazia ikaangukia sakafuni ikalia, na akamlaza juu ya mkeka. Mpira ule haukufunguka.

"Amekufa?" aliuliza mkwe.

Mama Shazia alitaka kuinuka, azunguke chumba, afanye lolote. Mzee alimshika mkono.

"Kaa. Huyu anazisikiliza hatua zako."

Akakaa. Alikaa kabisa, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Mkwe akaleta maji kwenye kisahani, akakisogeza kwa kidole. Walingoja. Gari lilipita chini ya kilima, mtu akaita jina la mtu. Mama Shazia aliyashika magoti yake kwa mikono miwili, yasiinuke.

Miiba ikasogea. Ikatokea pua, nyeusi, yenye vumbi, ikapiga chafya. Kisha ulimi mdogo ukaanza kuyalamba maji, harakaharaka, kana kwamba kuna mtu atakayeyadai.

Mwana aliizima simu yake. "Baba," alisema, "nisamehe."

"Miaka arobaini nimesikia kasoro ya waya mmoja ndani ya boksi zima," alijibu mzee. "Nitashindwa kusikia pumzi? Usiniombe radhi mimi. Kiombe kiti." Lakini alikuwa akitabasamu, na alimruhusu mwanawe amwinue.

Mama Shazia alikifunga kiti mbele yao. Aliingiza mkono mpaka begani akapapasa pembe nne, akautoa, akauingiza tena. Mzee aliinamisha sikio, akaridhika, ndipo kitambaa kikapigiliwa. Kiti kilipowekwa wima mzee alikikalia, akaegemea, akangoja.

"Kimya," alisema baada ya muda, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyepungukiwa na kitu. "Kimekuwa kiti tu."

Mkwe alitoa kikapu chenye kifuniko. "Na mtaani nitawaambia nini, fundi? Wamenisikia nikipiga kelele."

"Waambie ukweli. Nimeshautoa, siwezi kuurudisha."

Alikuwa ameshafika ngazi ya tatu, kikapu kifuani, nywele wazi kwa kuwa kilemba kilikuwa kikapuni, simu ilipolia.

"Umempata?" aliuliza binti yake.

"Nimempata."

"Mzima?"

"Anapiga chafya."

Binti alishusha pumzi ndefu, ya mtu ambaye hakuwa amefanya kazi tangu asubuhi. "Na watu wamejua?"

"Nyumba hii wamejua. Zimebaki mbili, na daktari wa meno anafunga saa kumi."

"Mama, si ungepumzika kwanza?"

"Nimeshakaa leo," alisema Mama Shazia, na akaendelea kushuka.