Maswali ya Bwana Kama

Kazini walimwita Bwana Kama, na jina lilimkaa hasa. Kazi yake ilikuwa kuiandikia kompyuta kanuni, na kila kanuni ilianza hivyo hivyo: kama hivi na hivi, basi fanya hivi. Siyo hizi kompyuta za siku hizi, zinazojifunza zenyewe halafu zikapayuka mambo ambayo hata aliyezitengeneza hajui zimeyatoa wapi. Yake haikujua kitu ila ulichoiambia wewe. Ukitaka ijue kazi ya fundi, unamkalisha fundi kitako, unamhoji mpaka akuchoke, kisha unaandika kanuni moja baada ya nyingine.

Na ndivyo alivyopata mke. Kiwanda cha nguo kilikuwa na fundi wa rangi, mwanamke mwenye mdomo mkali, ambaye akitupia jicho kitambaa kilichoharibika anakwambia kosa limetokea kwenye pipa gani. Mabosi walitaka ujuzi wake uingie kwenye mashine kabla hajaolewa akahama. Bwana Kama akatumwa kumhoji. Basi akahoji! Kazi ambayo mwenzake angeimaliza upesi, yeye aliivuta miezi na miezi.

"Kama rangi imeshika mabaka mabaka?"

"Basi chumvi imetiwa yote kwa mpigo."

"Na kama ilitiwa kidogo kidogo?"

"Basi kitambaa hakikufuliwa vizuri. Na wewe hujala tangu asubuhi, midomo imekukauka."

Wenzake waligundua kabla yake kwamba pale hapaandikwi kanuni peke yake. Walicheka mpaka siku ya harusi.

Wakapata binti, wakazeeka. Kisha fundi wa rangi akaanza kusahau. Alisahau sufuria jikoni, kila mtu husahau. Akasahau njia ya kurudi nyumbani. Akasahau jina la mumewe, na mwisho, Mungu wangu, akamsahau mume mwenyewe. Akiamka na kukuta mwanamume mzee kitandani, hupiga yowe hadi majirani wanatoka nje. Bwana Kama akahamia kwenye kochi sebuleni. Hata huko alifuatwa kwa fagio asubuhi moja, akapigwa nalo begani, akaambiwa mwizi.

Binti yao alipoliona lile bega, alilikanda kwa maji ya moto kwanza. Kisha akasema, "Baba, inatosha. Jumamosi nakuja kumchukua mama. Kwangu hatakuwa na mtu wa kumwogopa."

"Mtu wa kumwogopa ni mimi?"

"Baba, sijasema hivyo."

Lakini alikuwa amesema. Kuanzia hapo mzee hakuwa na wazo lingine: mke wake amtambue, japo mara moja, mbele ya binti, ili aachwe nyumbani. Alimwonyesha picha za harusi. Mke akauliza kwa nini yule bibi harusi kakubali kuolewa na mtu mwenye masikio vile. Alimwimbia, mke akaziba masikio.

Ndipo akaikumbuka ile kompyuta. Kiwanda kilipofungwa walikuwa wanaitupa, akaiomba, ikakaa stoo chini ya mapazia makuukuu. Akaifuta vumbi, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, akaiwasha. Ikakoroma kama mgonjwa, lakini ikawaka. Kwenye kioo yakatokea maneno aliyoyaandika mwenyewe ujanani: *Samahani kukusumbua, dada. Kitambaa chako kina shida gani leo?*

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Akasogea. Akayasoma kwa sauti, taratibu, halafu akacheka, jamani, kicheko kilekile cha kiwandani.

"Huyu kijana! Hachoki?" Akavuta kiti, akaweka kitambaa chake cha kichwani sawa. "Mwambie kina mabaka."

Mumewe akaandika. Mashine ikauliza habari ya chumvi, ikauliza habari ya moto, ikauliza kama maji ni ya kisima au ya bomba, na kila swali lilianza na samahani, dada. Mwanamke asiyejua mlango wa chooni alijibu yote bila kubabaika. Mzee alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, anaandika.

"Unamjua anayekuuliza?"

"Nitaachaje kumjua? Ananisumbua kila siku na makaratasi yake. Anataka kuniposa, ila mwoga."

"Ni mimi," alisema. "Mke wangu, ni mimi huyo."

Akamtazama juu hadi chini. "Mzee, nakuheshimu, tusitaniane. Wewe ni sawa na baba yangu."

Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Yeye alikuwa mtu wa kanuni. Kesho yake, mkewe akiwa amejilaza mchana, aliandika kanuni mpya, ya kwanza tangu astaafu: kama anayejibu ni fundi wa rangi, basi mwambie kwamba mimi ndiye mumeo, na mzee aliyekaa kando yako ndiye mimi. Akaijaribu. Ilifanya kazi bila kosa.

Mwanamke alipoamka aliyasoma maneno hayo kwenye kioo, uso ukamkunjamana. "Huyu siye."

"Ndiye. Soma vizuri."

"Siye, nimesema! Yule huniuliza. Huyu ananiambia tu."

Hilo lilimchoma kuliko fagio, kwa sababu lilikuwa kweli. Baada ya harusi aliacha kuuliza. Alikuwa anarudi kutoka kazini na kutangaza: tunahama, nimeuza kiwanja, mtoto ataenda shule ile, wewe acha kazi. Mwanamke aliyehojiwa miezi kuhusu chumvi hakuulizwa neno alipoachishwa mapipa yake. Na sasa wa kuombwa radhi hayupo, kaenda wapi haijulikani. Bwana Kama akaifuta ile kanuni. Ile *Samahani, dada* ikarudi kwenye kioo, na mkewe akarudi kwenye kiti.

Jumamosi binti alifika na gari. Mama alikataa katakata kuinuka mezani mpaka aahidiwe kwamba na yule kijana anakwenda. Binti akamtazama baba yake.

"Mchukueni," alisema mzee. "Hapa atabaki kufanya nini?"

Alikataa kusaidiwa. Alichomoa waya, akauzungusha vizuri usije ukakatika, akaibeba ile mashine mwenyewe kifuani hadi kwenye gari, mgongo unamuuma, akaizungushia blanketi kwenye kiti cha nyuma. Mkewe alishakaa mbele, mkoba mapajani, uso unang'aa kama mtu anayesubiri mchumba. Akashusha kioo cha dirisha.

"Asante, mzee, kwa kunibebea," alisema, kwa upole ambao hakuwa amemwonyesha kwa mwaka mzima. "Haya, nenda nyumbani sasa. Mkeo atakuwa anakungoja."