Kaye Iliyojaa Hapana

Mu miaka ya hamsini nilikuwa infirmye, muuguzi wa dispansere moja ndogo karibu ya Mpofi, na nilikuwa na kiburi cha bure. Kaputula nyeupe, sindano mukononi, watu wananiita munganga, nami naitika. Dawa za miti nilizichukia. Siku moja mama mumoja alikuja na ziwa la kunyonyesha limevimba, amelibandika majani. Nilimuamuru ayatoe mbele ya watu wote, akanawe, halafu akae mwisho wa mustari. Watu walicheka. Nami nilicheka.

Kisha alikuja daktari mupya, Muzungu kijana, aliyepita kwetu mara moja kwa mwezi. Huyu alikuwa na akili ingine. Alisema majani mengine yanaponyesha, mengine yanaua, na hatutajua kama hatuulizi. Niulize kila mugonjwa, bila ugomvi, amekunywa ao amepakaa nini mbele ya kuja kwetu, niandike mu kaye, lile daftari la wagonjwa, halafu tutaangalia nani alipona. Na neno hili alilirudilia: muntu aliyekwisha kunywa majani ya kuharishisha, nisimupe mafuta ya kufukuza minyoo, maana vyote viwili pamoja vinamaliza mwili.

Basi nikauliza. Umekunywa dawa ya miti? Hapana. Na weye, Papa? Hapana, munganga. Muntu anasimama mbele yangu, kinywa kinanuka majani, anasema hapana, nami naandika hapana. Nilijua ni uongo, sifichi. Lakini daktari alifungua kaye akafurahi, akasema watu wangu wameendelea, na sifa ile niliipenda kuliko ukweli. Tena nilizoea kuwatupia wagonjwa methali: mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Mujinga gani miye! Kuficha, miye njo nilikuwa nimewafundisha.

Mudogo wangu wa kike alikuwa ameolewa kijiji cha Buleusa. Alikuja kwa miguu, siku mbili, na mutoto wake wa kwanza mugongoni, wa miaka mine, tumbo limevimba, minyoo tupu. Alingoja mu mustari kama wengine. Nilipomufikia nilimuuliza kwa sauti ileile, kaye wazi, watu wanasikiliza. Alitazama watu, kisha akatazama chini.

"Hapana, kaka."

Nilimupa mutoto mafuta. Mukono wangu mwenyewe njo ulishika kijiko.

Kesho yake asubuhi mutoto alianza kutapika na kuharisha bila kupumuzika. Tulipomusafisha niliona kijani, majani yaliyosagwa. Nilimunywesha maji kidogo kidogo, yote yakarudi. Daktari alikuwa mbali, upande wa Masisi, na mvua ilikuwa imekata barabara. Mbele ya jioni mutoto alikata roho.

Nilimufokea mudogo wangu, Mungu anisamehe, maiti ingali mapajani mwake. Kwa nini ulisema uongo? Akanieleza polepole kwamba majani yalikuwa ya mama yetu, na yeye alimunywesha mutoto siku tatu mbele ya safari, hata njiani, yaleyale niliyokunywa miye nikiwa mutoto, nikapona.

"Ningesema ndiyo, ungenitia mwisho wa mustari," alisema. "Habari ya yule mama wa ziwa ilifika mpaka Buleusa, kaka. Nami nilikuwa na haraka. Mutoto alikuwa anaumia."

Mpaka leo sijui ni nini kilimuua mutoto: majani ya mama, mafuta yangu, vyote viwili, ao minyoo yenyewe. Daktari aliporudi nilimuambia minyoo. Aliandika minyoo. Kaye yake ya kutafuta ukweli, muongo mukubwa mule ndani alikuwa miye, na nilikata tamaa ya kazi ile, ijapokuwa niliifanya miaka mingi tena.

Mwaka uliofuata mutoto wa pili wa mudogo wangu alishikwa na homa. Nilikuwa mulangoni asubuhi nilipomuona mudogo wangu anakuja ku barabara, mutoto mugongoni akipumua kwa shida. Nilimukimbilia. Nikamuambia sitamuuliza kitu, hata kimoja, alete tu mutoto. Alinisalimia kwa heshima yote, vile muntu anasalimia mukubwa wake, akauliza kama muke wangu iko muzima. Halafu akakaza kitambaa cha mutoto, akapita mulango wa dispansere bila kuingia, akaendelea na njia yake kutafuta dawa kwingine.