Mapazia yangu na darubini ya Zuhura

Leo nimenyesha mvua huku mtaani kwetu Wazo, na mbingu nyeupe pee.

Binti yangu Zuhura ana darubini juu ya paa letu la zege. Inajiendesha: inafungua kibanda chake, inatafuta nyota, inachambua mwanga wake rangi kwa rangi wasomi wajue ile nyota imeundwa kwa vitu gani.

Jioni hii mwalimu wake alikuja kuikagua. Ikigoma, hapewi ruhusa ya kuipeleka mlimani, kunakoonekana nyota vizuri.

Sasa mgeni anakuja, na mapazia yangu yamejaa vumbi. Nyie mngekaa tu?

Nikafua. Nikaanika huko huko juu, penye upepo.

Mwalimu kafika, kibanda kikafunguka taratibu. Hata mie nikasahau wasiwasi.

Kikajifunga.

Zuhura akakifungua. Kikajifunga tena. Mtoto jasho linamtoka.

Mwalimu akaangalia kompyuta. "Inasema mvua inanyesha."

Tukatazama juu wote. Hata wingu hakuna.

Ndipo tone likadondoka kwenye kidude cha kupimia mvua kilicho kando ya kibanda. Limetoka kwenye pazia langu.

"Mama," Zuhura akasema polepole, "umeanika wapi?"

Nikatamani ardhi inimeze. Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, jaribio la mvua ndilo lilikuwa limebaki. Kiangazi hiki mvua tungeipata wapi?"

Darubini imepita.

Ila nina donge. Tangu mdogo namwambia Zuhura, mvua ikija wahi kuanua. Hajawahi hata siku moja. Chombo chake kinakimbilia ndani kwa tone moja tu.

Kumbe alikuwaga ananisikia, akaenda kumfundisha mwenzake huyo wa juu ya paa. Wenye mabinti, na kwenu ni hivi?