Siku Mama Alipozuia Jeneza la Mzee Mbaraka

Jasi mbichi ina harufu yake. Mtu asiyezaliwa machimboni atakwambia jiwe halinuki, lakini sisi wa kitongoji kile, ukishapita Mitole kidogo, tulilinusa kabla hatujaliona: harufu ya chokaa iliyolowa, na nyuma yake ukakasi uliong'ang'ania ulimi mpaka chai ikakosa ladha. Vumbi lake jeupe lilikaa kwenye nyusi za baba, kwenye majani ya mihogo, kwenye kanga zilizoanikwa. Lingekuwa vumbi tu tungelizoea, maana mtu huzoea hata jirani mbaya. Lililotunyima raha ni maji. Visima vyetu vyote vilikuwa vichungu, ukinywa tumbo linanguruma usiku kucha. Kisima kimoja tu, kile cha Mkwajuni, kilikuwa na maji matamu, nacho kilikuwa ndani ya machimbo ya Mzee Mbaraka Namtema.

Utotoni mwangu jina hilo halikuwa la mtu mmoja. Ukitaka kazi, Namtema. Ukitaka lori la kumpeleka mgonjwa hospitali ya Kivinje, Namtema. Mtoto akikosa nafasi ya shule, nenda kwa Namtema ukapige magoti. Mzee mwenyewe alikuwa mtoto wa jumbe, akawa mkalimani wa mzungu fulani aliyekuja enzi za Mwingereza kutafuta mawe. Mzungu akaugua homa, akachoka, akaenda zake. Mbaraka akabaki na mashimo na kibali, na sijapata kumsikia mtu wa pili akisimulia ilivyokuwa sawasawa na wa kwanza. Siku za kudai uhuru malori yake yalibeba watu kwenda mikutanoni mchana, na jioni yeye alikunywa kahawa na bwana mkubwa wa wilaya. Machimbo yalipotaifishwa alitoka mlangoni kama mwenye mali, akaingia dirishani kama meneja. Mwanawe wa kwanza alikuwa diwani, mkwewe katibu tarafa, na mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi kitinda mimba wake, Hamza, alirudi kutoka Dar es Salaam kuja kutafuta ubunge. Huyo Hamza ndiye aliyezungushia machimbo waya na kuweka geti, akisema wezi wanamaliza dizeli. Wezi sijui kama walikoma. Wanawake walianza kwenda mtoni.

Kilikuwa kiangazi kisichokalika. Tulitoka alfajiri na ndoo, tukarudi jua limeshapanda, na njiani tulipishana na magari ya kampeni yenye vipaza sauti vilivyotutangazia maendeleo huku yakitujaza vumbi. Mdogo wangu Idi alikuwa mchanga, na siku ambazo miguu ya mama ilikataa kwenda mtoni alinywa maji ya kisima kichungu, akaharisha mpaka macho yakamwingia ndani. Mama hakuweza kutulia. Alikuwa akianza kupepeta ufuta, anaacha ungo katikati, anakwenda getini kugombana na mlinzi, anarudi, anaanza tena. Alikwenda kwa diwani, akaambiwa litashughulikiwa. Alikwenda kwa katibu tarafa, akaambiwa ameshalisikia. Baba, aliyekuwa akipasua mawe ya akina Namtema tangu kabla sijazaliwa, alimwambia, akimwita kwa jina langu, "Mama Somoe, dua la kuku halimpati mwewe. Kazi yangu imo mikononi mwao. Tukae kimya tule." Mama alimjibu kwamba kula anaweza, kunywa ndiko kunakomshinda.

Katikati ya kampeni, Mzee Mbaraka akafa.

Hapa inabidi nieleze jambo moja. Ukoo wetu, wa upande wa mama, na wa akina Namtema ni watani. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo akifa mtu wao sisi ndio tunaomsindikiza kwa kejeli, na akifa wetu zamu ni yao. Mtani huja msibani amevaa kama marehemu, anamwigiza sauti na mwendo, anamsema mbele ya wanawe, analala njiani ili jeneza lisipite mpaka akombolewe kwa kuku au kwa noti mbili tatu. Aliyefiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, aibu itamfuata yeye na wajukuu zake. Wala utani haujali nani tajiri na nani mpasua mawe, na nadhani ndiyo maana mama, aliposikia habari ya kifo, aliweka ungo chini na safari hii hakuurudia. Alitafuta koti kuukuu la baba na kofia ya kiua. Baba asingeweza kumkataza mtani kwenda kwenye utani wake, na alijua kwamba mama anajua hivyo.

Mzee alikuwa ameusia azikwe karibu na mama yake, kwenye makaburi ya kando ya machimbo, nje ya waya. Magari yakaja mengi kuliko tuliyowahi kuyaona, na wakubwa waliovaa suti za Kaunda, na baada ya swala ya adhuhuri jeneza likatoka limefunikwa kitambaa cha kijani, wanaume wakipokezana mabegani. Baba alikuwa mmoja wa wabebaji wa mbele. Kwenye kona ya njia iendayo makaburini, mama akajitokeza katikati ya barabara. Kofia ilimfika machoni, na mkononi alishika mpini wa jembe badala ya bakora. Akakohoa vile vile mzee alivyokuwa akikohoa, kikohozi cha mtu anayetaka watu wasimame. Akamnyooshea kidole mbebaji mmoja. "Wewe mtoto wa nani?" Kabla hajajibiwa akasema, "Haya, ntakukumbuka." Akamgeukia mwingine, "Wewe mtoto wa nani? Ntakukumbuka." Watu wakaanza kucheka kwa mabega, maana maneno hayo mawili mzee alikuwa amewaambia wote pale, na wengi walikuwa bado wanangoja kukumbukwa. Kisha akanivuta mkono, akaniambia, "Lala, nawe mtani," tukalala chali barabarani.

Sijasahau joto la vumbi lile mgongoni, wala miguu niliyoiona. Viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, makubadhi, na mbele ya uso wangu ndala ya baba iliyokatika mkanda ikashonwa kwa waya. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na bado nilitaka kucheka.

Hamza akaja na noti, akainama kwa adabu. "Haya mtani, pokea, tupishe."

"Hela za nini?" mama akasema kwa sauti ya mzee. "Mie Mbaraka nimelala na hela maisha yangu yote. Nna kiu." Akapaza sauti. "Nna kiu, wanangu! Siendi kaburini na kiu. Nipeni maji ya Mkwajuni, maji niliyoyakuta mie na mzungu wangu!"

Mtu mmoja nyuma akasema basi yaletwe. Mama akainua kichwa. "Yataletwaje, geti limefungwa! Kalifunga nani? Kalifunga Hamza! Kamfungia maji baba yake!"

Kicheko kikalipuka, kisha kikakatika ghafla kila mtu alipomtazama Hamza. Mgeni mmoja wa Dar es Salaam akauliza mwendawazimu huyu katoka wapi, na shangazi yake Hamza akamkemea, "Nyamaza wewe, huyo mtani." Hamza aliongeza noti. Mama alifumba macho. Hamza alikuwa na jasho mpaka kwenye ukosi, na nikaona jinsi alivyokuwa akituhesabu, wapiga kura wote wale kandokando ya njia. Sheikh akamwambia taratibu, "Maiti hacheleweshwi, bwana. Mkomboe mtani wako." Basi akamwita mlinzi, akamwamuru afungue. Mama hakunyanyuka mpaka ndoo ilipofika. Akanywa kwa kata kwa makeke yote ya mzee, akaninywesha na mimi, yalikuwa matamu na ya baridi. Akasimama, akajikung'uta. "Sasa naenda," akasema. "Geti likifungwa tena, narudi."

Wiki nzima baba aliondoka asubuhi kama mtu anayekwenda kuagwa, na kila jioni alirudi bado ana kazi. Hawakumgusa. Kumwadhibu mtu kwa ajili ya utani kungekuwa aibu, na akina Namtema, pamoja na malori yao na viti vyao, walikuwa bado wanaiogopa aibu mbele yetu. Geti halikufungwa tena. Idi akanenepa. Lakini kabla ya uchaguzi Hamza alisimama juu ya lori akauliza, "Nani aliyewafungulia kisima cha Mkwajuni?" na umati ukaitika, "Weweee!" Mama alitema mate pembeni. "Kafunga mwenyewe, kafungua mwenyewe, anataka ashukuriwe mara mbili." Hamza alishinda. Baba alimpigia kura na hakuficha. Mama hakusema, nasi hatukuthubutu kumuuliza.

Leo mimi nafundisha Lindi, na bomba la maji limefika mlangoni kwetu kijijini. Siutamani mto ule hata kidogo, na wanaosema zamani kulikuwa kuzuri nawaalika wakabebe ndoo. Machimbo yamekodishwa kwa kampuni. Hamza amestaafu, kiti kimekwenda kwa binti yake, na sisi bado tunasema Namtema pale tunapotaka kusema serikali. Kiangazi kilichopita mama alifariki. Nilitenga jogoo na noti za kukombolea. Nilimketisha Idi, sasa baba wa watoto, nikamwonya asije akanuna: watamwigiza mama sauti yake ya kukwaruza, watasema alikuwa mchoyo wa ufuta, watamvalia kanga zake kichwani, na yeye acheke tu. Nilikuwa na hamu nayo, nasema kweli. Nilitaka kumwona mama akitembea mara moja tena, hata kwa miguu ya Namtema.

Likaja gari la akina Namtema. Akashuka dereva, kijana mstaarabu, akaniamkia shikamoo mama, akanikabidhi bahasha na magunia mawili ya mchele. Mheshimiwa yuko Dodoma, anatoa pole. Akageuza gari.

Wakatoka na jeneza. Niliwafuata mpaka kwenye kona ile ile, mahali ambapo mwanamke asiye mtani hakutakiwa kufika, nikawaomba wasimame. Wakasimama. Jua lilikuwa kali na barabara nyeupe tupu.

"Tunamngoja nani, dada?" Idi akaniuliza.

"Watani."

Vijana waliobeba wakatazamana. Wengine hawakujua nazungumzia nini. Sheikh akaangalia saa yake, akasema kwa upole kwamba maiti hacheleweshwi. Nikasogea kando, na jeneza la mama likapita katikati ya njia, haraka, bila mtu wa kumtukana.