Kikopo cha Mama Mkwe

Watu wakiniuliza kazi yangu, nawajibu kwamba napima choo cha watu, kisha natazama nani atasogeza kiti. Wengi husogeza. Sijali. Tangu niingie maabara ya hospitali yetu pale Ndhiwa, sijaona kikopo cha mheshimiwa kikinukia kuliko cha muuza omena, wale dagaa wa ziwani.

Lakini kuna kikopo kimoja kilichonitoa jasho.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga, nimeoa Mjaluo. Na mama mkwe tunaongea Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake, na tunaelewana vizuri kwa sababu hatuongei sana. Kwetu na kwao, hapa mila ni moja: mwanaume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamkai karibu, hamtaniani, na mambo ya mwili hamyataji kamwe. Akija njia hii, unakumbuka una shughuli njia ile.

Basi mvua kubwa ikazoa vyoo vya watu ikavimwaga mtoni, kipindupindu kikaingia. Wodi ikajaa, kila mlango tukauwekea ndoo ya maji ya klorini ya kunawa. Jumatano asubuhi napokea vikopo, nasoma jina kwenye kimoja. Nikalisoma mara tatu. Mama mkwe! Mungu wangu, nilikishika kile kikopo kama nimekiiba.

Kazi ni kazi. Nikapaka kidogo kwenye sahani mbili za kuoteshea bakteria. Ya kwanza ina jeli ya kijani. Kipindupindu kikiwemo, yanaota madoa ya manjano. Ya pili haibagui sana, inaotesha bakteria wa kawaida wa tumboni, ambao kila binadamu anao. Nikaziacha kwenye joto hadi kesho yake.

Alhamisi nikafungua ya kijani: safi. Nikashusha pumzi, nikaanza hata kupiga mluzi. Nikafungua ya pili: nayo safi, kama imetoka dukani sasa hivi. Mluzi ukakatika. Tumbo la namna hiyo halipo duniani, hata la askofu. Nikakirudia kikopo, nikakinusa. Klorini tupu!

Nikamkimbilia muuguzi wa wodi. "Ala, kumbe," akasema. "Jana aliniuliza kama kweli ni wewe unapima. Na leo anaenda nyumbani. Anasema tumbo limetulia, daktari anangoja karatasi yako tu. Jumamosi shemeji yake anazikwa, na mpishi ni yeye."

Mazishi ya kwao hujaza boma, hadi watu wa mbali kule Magunga huja, na wote wangekula kutoka mkono wake. Na yeye mwenyewe je, akizidiwa huko mbali na dripu?

"Muombe kingine," nikasema.

Akaingia wodini, akarudi. "Nimeomba, amekataa. Enda wewe."

Wacha we! Nilienda. Nikasimama nje ya pazia la kitanda chake, mgongo nimempa, naongea na ukuta.

"Mama, habari ya asubuhi."

"Mzuri, mkwe. Naenda nyumbani."

"Mama, ulitia klorini kwenye kikopo."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza bila aibu.

"Sasa nikuletee uchafu hivyo hivyo?" akawaka. "Mimi niko na adabu. Nilikisafisha."

Kicheko kilinipanda, nikakimeza. "Mama, uliua vijidudu vyote. Sikubakishiwa hata kimoja cha kushtaki."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka hadi akakohoa. Mama mkwe hakucheka.

"Tumbo limetulia kweli?" nikauliza.

Nikasikia anajifunika shuka, na hapo hasira ikanipata, hasira ya woga. "Mama, naogopa. Ukipika Jumamosi tutazika wengi. Na ukifa njiani, binti yako nitamwambia nini? Kwamba nilikuheshimu?"

Nilijua nimevuka mpaka.

"Sista," akaita mwishowe, "lete kikopo. Na mkwe wangu aende mbali."

Nilienda mbali, karibu mbio.

Ijumaa sahani ya kijani ilikuwa imejaa madoa ya manjano. Sijawahi kufurahi hivyo kuona ugonjwa. Dripu ikaendelea, wake wenzake wakapika, na afisa wa afya akashinda pale mazishini akisimamia sabuni na maji kama mwenye mji. Hakuna aliyeugua.

Siku aliporuhusiwa kwa haki, mama mkwe alikuja mwenyewe hadi mlango wa maabara. Alikuwa amekonda, leso imemzunguka mara mbili.

"Uliona?" akauliza, macho chini.

"Niliona, Mama."

"Mimi nilikuwa nimeamua afadhali nikufe kuliko wewe uone."

Nikamwambia ukweli, kwamba mama yangu mzazi pia nilimpima kwenye meza hii. Naye aliona aibu, akakaa nyumbani siku tatu kabla ya kuleta kikopo, na majibu yake yalitoka tukiwa tayari tumemzika.

Akainua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake.

"Pole, mtoto wangu," akasema.